Chungu Kilikuwa Changu

Nafula mjukuu wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wa Mama Zaituni. Unajua mimi kalamu naishika kama mwiko. Nimekuja hapa kwake, amesukuma cherehani kando, na ameniapia kwamba ataandika ninavyosema hata pale ninapojitukana. Jua bado liko juu. Wewe uko nyumbani unafunga sanduku kwa kelele ili nisikie kwamba umekasirika. Nimesikia. Hata mimi nimekasirika. Na kwa vile kesho asubuhi unaondoka, na mdomo wangu una tabia ya kutoka mbio ukaniacha nyuma, afadhali karatasi.

Sitakuambia habari za blanketi, wala vijana wa Nairobi, wala kwamba ule ukishiba ndipo usome. Hayo nimekuimbia tangu matokeo yako ya mtihani yatoke. Nataka kukuambia kwa nini leo mchana, wageni wakiwa wamekaa na sahani zao za kuku mapajani, nilisimama nikakwambia, "Kaa chini, wewe muongo kama mimi."

Uliuliza, "Kukhu, umesema nini?" Nilichukua birika nikaenda jikoni, nikawaacha wale watu na vikombe mikononi. Mzee Barasa, mwenyekiti wetu wa kikundi cha wakulima, alinifuata mpaka mlangoni. "Mama, si umeharibu sherehe ya mtoto?" Nikamwambia aende akamalizie kuku, maana huyo angalau hajaharibika. Lakini wewe hukunifuata. Ulilia mbele za watu na hukunifuata, na hiyo ndiyo inaniuma.

Wacha nianze na jikoni, kwa sababu huko ndiko ulikoniambia ukweli.

Unakumbuka ile jioni ulipopata barua ya chuo cha mambo ya hali ya anga? Nilikuuliza mtu anasomaje mvua. Ukachukua mkebe wa chumvi juu ya rafu, ukaniuliza, "Kukhu, kwa nini chumvi inalowa msimu wa mvua na hakuna mtu ameimwagia maji?" Nikasema ndivyo ilivyo. Ukacheka. Ukasema hewa ina maji tusiyoyaona, na chumvi inayavuta. Ukasema wingu ni vitone vidogo sana, vyepesi, vinaelea tu kama vumbi la unga kwenye posho mill. Sasa iko nchi ambako ndege inaenda mpaka kwenye wingu, inamwaga unga mwembamba wa chumvi, vile vitone vinashikamana na unga, vinakuwa vizito, vinashindwa kuelea, vinaanguka. Na yale mawingu marefu ambayo kichwa chake kiko kwenye baridi, ukasema hayo yana dawa yake, ina madini ya fedha ndani. Huko juu kuna maji baridi kuliko barafu lakini hayajaganda, yanangoja kitu cha kushika. Yakipata ile dawa yanaganda, yanaanguka, yakitufikia sisi yameshayeyuka yakawa mvua. Ukaniambia hata hapa kwetu Kenya, zamani, kule kwenye majani chai, watu walirusha madawa mawinguni kupunguza mvua ya mawe.

Mimi ambaye sijakanyaga darasa hata siku moja, nilielewa. Chumvi yangu mwenyewe ilinielewesha. Nilikuona mkubwa sana siku hiyo, Nafula.

Nikakuuliza, "Na kama hakuna wingu?"

Ukasema, "Basi hakuna kitu, Kukhu. Ndege inarudi nyumbani. Huwezi kukamua ng'ombe ambaye hayupo."

Nikakuuliza tena, "Na ikinyesha, mnajuaje kwamba haingenyesha tu yenyewe?"

Hapo uliweka mfuniko kwenye mkebe pole pole. Ukasema, "Hapo ndipo wenyewe wanabishana. Inabidi uweke siku za kurusha na siku za kutorusha, miaka na miaka, na uhesabu zote. Hata zile zilizokuaibisha." Ulisema wakati mwingine inasaidia kidogo, juu ya mvua ambayo tayari iko njiani.

Hilo neno lako nililala nalo. Nitakuambia kwa nini.

Sasa leo. Tuko katikati ya Aprili. Mahindi yangu nimeyapanda kwenye vumbi, na sijui kama yamelala au yamekufa. Kila siku mawingu yanatoka Mlima Elgon, yanapita juu yetu kama wageni wasiosalimu, yanaenda. Watu wamechoka. Wanamtafuta mtu wa kumshika shati. Ndipo Mzee Barasa akasimama na soda yake, akasema, "Huyu binti yetu akirudi na ndege, Endebess tutapanda tarehe tunayotaka!" Wakapiga makofi. Na wewe, uliyeniambia ya jikoni, ukasimama na gauni lako jipya ukasema, "Wazee wangu, mkiona kiangazi, niiteni tu. Hamtangoja mawingu tena."

Hamtangoja mawingu! Nafula!

Wakapiga vigelegele. Na vile vigelegele nilivijua. Niliwahi kupigiwa mimi. Ndiyo maana nilisema kaa chini.

Sasa sikiliza, na usiruke mistari.

Umekua ukijua kwamba baba yako aliondoka hapa kwa sababu anapenda mji. Ni mimi niliyekwambia. Ulikuwa ukiuliza, "Kukhu, baba atakuja Krismasi?" nami nasema, "Wekesa ni mtu wa Bungoma sasa, huko kuna taa za stima." Ulikuwa mdogo, uliamini. Ulipokuwa mkubwa uliacha kuuliza, nikashukuru Mungu kwa jambo ambalo ningelililia.

Baba yako alikuwa akifyatua matofali pale chini, karibu na kijito. Wewe ulikuwa wa miaka mitatu. Mama yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na Wekesa hakujua afanye nini na mikono yake isipokuwa kazi. Alichimba udongo, akaukanyaga, akaujaza kwenye fremu, akapanga matofali mabichi chini ya nyasi yakauke, angoje kuyachoma. Kanisa lilikuwa limemwagiza. Yatakayobaki, aliniambia, ni ya jiko langu, niache kupika kwenye moshi wa ukuta wa matope.

Aliniomba chungu cha kuwekea maji ya kulowesha fremu. Nikampa kile chenye mdomo uliochorwa mistari miwili, alichonifinyangia mama yangu nilipoolewa.

Mwaka huo nao mvua ilikataa. Unajua watu wa kwetu wanavyosema juu ya wafyatua matofali. Mtu anayetaka jua akaushe matofali yake, wanasema, anaifunga mvua. Anazika dawa, anaweka chungu kifudifudi, na wingu likifika linageuka. Hata leo wako wanaosema, na wengine wana digrii. Mimi nilisema. Nilisema kisimani, nilisema kanisani tukitoka. Nilikuwa nimeona mahindi yangu yakiwa manjano, nikasema, "Iko mtu anatufungia mvua hapa." Sikutaja jina. Kwani ilihitaji jina? Alikuwa mmoja tu aliyekuwa na matofali.

Siku ya tatu wanawake walikuja kunichukua. Wakaniambia, "Wewe ndiye mama yake, twende wote, wasije wakasema tumemwonea." Ningeweza kusema hapana. Mlango wangu ulikuwa na komeo. Nilikufunga mgongoni kwa leso nikaenda nao, na tena nilitembea mbele.

Wekesa alikuwa ameenda kutafuta kuni za tanuri. Tulitoa nyasi zote juu ya matofali. Tuliyakanyaga. Udongo mbichi unavunjika bila kelele, Nafula, kama kukanyaga mkate. Wewe mgongoni ulikuwa unacheka, ulidhani tunacheza.

Halafu mmoja akafunua nyasi za mwisho na chini yake kulikuwa na chungu. Kifudifudi. Akakiinua juu akapiga kelele, "Dawa ndiyo hii! Mmeona? Dawa ndiyo hii!"

Nilikiona. Mdomo uliochorwa mistari miwili. Alikuwa amekigeuza tu mbwa wasilambe ndani, ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe tangu alipokuwa mtoto. Nilikuwa na maneno matatu mdomoni: chungu ni changu. Yangetosha. Wangecheka, wangenitukana, wangeenda nyumbani.

Sikuyasema. Waliniangalia wote, na niliogopa kwamba nikisema ni changu, watasema dawa ni yangu pia. Nilikichukua mkononi mwa yule mwanamke nikakipiga kwenye jiwe.

Kesho yake mchana ikanyesha.

Nafula, ikanyesha mpaka kijito kikapanda. Matofali machache tuliyoyaacha yakayeyuka yakawa tope. Wanawake walikuja hadi uani kwangu wakilowana, wakanipigia vigelegele, wakanishika mikono. "Mama Mvua!" Nilicheza nao. Uani, kwenye matope, nilicheza.

Baba yako alirudi tukiwa tunacheza. Alipitia chini, akaona, akapanda mpaka nilipo. Alikuwa ameshika kipande cha ule mdomo wa chungu. Aliuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Mama, chungu si ulikijua?"

Na mimi, mbele ya wale wanawake, nilimjibu, "Si mvua imenyesha?"

Ndilo jibu nililompa mtoto wangu. Si mvua imenyesha.

Akaweka kile kipande juu ya jiwe la kusagia, akakuangalia umelala, akabeba fremu yake begani akaenda. Yale matofali ndiyo kile kichuguu kule chini nyuma ya zizi, kinachoota maboga. Umekipanda ukiteleza tangu utotoni. Nilikuwa nakufokea utoke hapo na hukujua kwa nini.

Mama Zaituni ameacha kuandika. Ananiangalia juu ya miwani. Nimemwambia aandike hili pia: mwaka uliofuata mvua ilichelewa tena, wakaja kwa Mama Mvua. Tulienda kwa mfyatua matofali mwingine, ng'ambo ya barabara, tukavunja. Safari hii sikumjua hata jina. Tukangoja. Wiki ya kwanza, kavu. Wiki ya tatu, kavu. Watu walipanda mara mbili mwaka huo, na waliokosa mbegu hawakupanda. Unadhani kuna mtu alikuja kuniuliza, Mama Mvua, imekuwaje? Hakuna. Hiyo haikuhesabiwa. Mpaka leo wanakumbuka ile iliyonyesha. Ile ya ng'ambo ya barabara ninaikumbuka mimi peke yangu, na yule mtu.

Ndiyo maana uliposema jikoni, hesabu zote, hata zile zilizokuaibisha, nilikaa macho mpaka jogoo. Nilijiambia, huyu mtoto ameenda shule akarudi na kitu nilichokitafuta miaka kumi na sita. Halafu leo unakitupa kwa sababu ya makofi ya Barasa.

Hasira yangu si kwamba unasoma mambo ya mawingu. Soma. Panda hiyo ndege, mwaga hiyo chumvi, nami nitatoka nje nikupungie kitambaa. Kinachonikasirisha ni kwamba watu wenye kiu watakupenda siku itakayonyesha, na utamu wake naujua. Ulinigharimu mtoto. Wewe utakuwa na kalamu na ndege, mimi nilikuwa na miguu tu, na tazama nilichovunja. Na usidhani hawatakugeukia. Mwaka ndege yako ikipita na mvua ikakataa, hawa hawa watasema ni wewe uliyefukuza wingu. Watafunua nyasi zako watafute chungu.

Mama Zaituni ananiambia, "Sasa mweleze ya nguo za shule." Mwanamke huyu hana huruma. Haya. Kila Januari ulivaa sare mpya. Nilikwambia ni maziwa ya Sabina, yule ng'ombe wetu mwekundu. Sabina, Mungu amrehemu, hakuwahi kutoa maziwa ya kununua hata soksi. Kitambaa kilikuwa kinatoka kwa baba yako. Alikituma na watu wa lori mpaka hapa, Mama Zaituni akashona, na mimi nikamwapisha asiseme. Alikataa, mnafiki mimi nikamtisha kwamba nitahamia kwa fundi mwingine. Anacheka sasa. Hakucheka siku hizo.

Nimejaribu kumpata Wekesa. Kwanza nilituma watu. Mmoja alirudi na jibu lake: "Mwambie Mama, mvua ikikosa anajua pa kunitafuta." Niliposikia nilicheka kabla ya kulia, maana ulimi huo aliutoa kwangu. Siku hizi kuna simu. Nampigia kwa simu ya Mama Zaituni. Ananisalimia vizuri kabisa, anauliza kama mguu umepona, anauliza kuhusu wewe. Nikisema tu, "Wekesa, siku ile," anasema, "Mama, chaji inaisha." Nadhani hakuna simu Bungoma yenye chaji ndogo kama ya mtoto wangu.

Simlaumu. Nilimnyima neno moja mbele ya watu, sasa nataka kumpa kwenye simu, sikioni, pasipo mtu. Hata mimi ningezima.

Kwa hivyo nakuomba. Naona Mama Zaituni ameinua kichwa, hajawahi kunisikia nikiomba. Kesho usiende moja kwa moja. Kutoka Kitale shika gari la Kimilili, kisha Bungoma. Baba yako anajenga nyumba nyuma ya soko, uliza Wekesa fundi wa mawe, wanamjua. Mabasi ya Nairobi yako huko pia, utafika chuoni siku moja baadaye, na hakuna wingu litakalokukimbia.

Ndani ya sanduku lako, chini ya sweta, nitaweka kitu nimekifunga kwa kipande cha ile leso. Ukikishika utakitambua. Ni ile pete ya udongo tuliyokuwa tunaukalishia mtungi wa maji usianguke. Umeusimamisha mtungi juu yake kila jioni. Ni mdomo wa kile chungu. Niliokota vipande viwili vilivyobaki, pamoja na kile alichoacha yeye juu ya jiwe la kusagia, nikavifunga kwa waya. Sikuweza kuvitupa wala kuvieleza, basi nikavipa kazi.

Mpe. Na usimpe faraghani. Ngoja mafundi wenzake wawepo, na yule mama anayewauzia chai, na yeyote anayepita. Mimi nilinyamaza mbele ya watu. Na lisemwe mbele ya watu. Sema kwa sauti yako ile ya leo, ile uliyowadanganya nayo wazee, ina nguvu, itumie vizuri. Akikuambia keti, usiketi kwanza. Mwambie: mama yako anasema chungu kilikuwa chake, na alikijua.

Hayo tu. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu. Huo nitauomba mwenyewe kwa miguu yangu akikubali nije. Usimwambie nimezeeka, anajua kuhesabu.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nilikuiba kwa baba yako kwa uongo mdogo mdogo, mwaka baada ya mwaka, na wakati huo huo nilikupenda kuliko pumzi. Sijui mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja, lakini yalikaa, nilikupikia uji nayo.

Sasa nitarudi nyumbani. Nitakukuta umefunga mlango. Nitagonga, hutafungua, nitaacha chakula hapo chini, utakula nikiondoka. Nakujua. Asubuhi nitakushika kichwa nikubariki, hata kama umenuna, kisha nitakupa karatasi hii, uisome ukiwa umeketi dirishani kwenye gari na mimi sipo, nisije nikaanza kujitetea.

Mama Zaituni alitoka mlangoni kuangalia nguo zake kwenye kamba, sasa amerudi kwenye kalamu. Anasema leo mlima umefunikwa kabisa, na kuna upepo wenye harufu ya udongo. Labda itanyesha kesho. Kama ikikukuta njiani, Nafula, au ukiwa umesimama pale kwa baba yako umeshika ile pete mkononi, na mtu yeyote akasema, tazama, mama amekiri na mvua imekuja, mkatalie. Mwambie wingu lilikuwa tayari njiani.

Ni mimi Kukhu wako,
niliyeweka dole gumba hapa chini mwenyewe, kwa wino wa Mama Zaituni.